Kutengeneza meza ndogo kwa mbao za zamani na zana za mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaotaka kutengeneza meza yao ya kwanza bila mashine na bila kununua mbao mpya. Meza yenyewe ni ile ndogo ya kuweka pembeni ya kochi: urefu sm 60, upana sm 40, kimo sm 45. Vipimo vyote vya hapa chini ni vya meza hiyo. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi, lakini aliyeko Tanga, Mombasa au Nairobi atakutana na mbao na zana zilezile.

Kwa nini nihangaike na mbao zilizotumika wakati mpya zipo?

Kwa sababu mbao mpya nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Paini ya Sao Hill au Njombe hupasuliwa, hupakiwa na kushushwa mjini kabla haijakauka vizuri. Ukiitengenezea meza wiki hiyohiyo, itaendelea kusinyaa na kupinda ikiwa sebuleni kwako. Kenchi iliyokaa miaka 40 juu ya dari imeshapinda kadiri ilivyotaka kupinda. Ukiinyoosha leo, kwa kawaida inabaki ilivyo.

Halafu kuna mbao ambazo mtu wa kipato cha kawaida hawezi tena kuzinunua: mvule, mninga, mkongo. Zamani zilikuwa mbao za milango, fremu za madirisha na vitanda vya watu wa kawaida tu. Leo nyumba ya zamani ikibomolewa, nyingi zinaishia jikoni. Kuona ubao wa mvule wenye upana wa futi nzima ukipikiwa ubwabwa wa vibarua kunaniuma kila mara, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya.

Na kwa nini zana za mkono?

Msumari mmoja uliojificha ndani ya ubao wa zamani unaweza kung'oa meno ya msumeno wa mashine na kumrushia mtu kipande cha chuma usoni. Msumeno wa mkono ukigusa chuma unausikia mkononi, unasimama, unautoa msumari, unaendelea. Kwa mbao hizi zana za mkono ni njia ya busara hata kwa mwenye mashine.

Mbao za zamani nazipata wapi?

Anza na nyumba zinazobomolewa. Dar es Salaam, nyumba za zamani za Kariakoo na Ilala zinaendelea kupisha maghorofa, na anayesimamia ubomoaji huwa anauza milango, fremu na kenchi papo hapo. Nenda asubuhi, kabla lori halijapakia. Ukimkuta msimamizi, msalimie kwanza, kisha ongea bila kuzunguka: "Shikamoo mzee. Naomba kununua vipande vichache vya kenchi, nichague mwenyewe." Neno la kuchagua mwenyewe ndilo muhimu, maana ukichaguliwa utapewa zilizooza ncha.

Sehemu nyingine ni maghala yanayotoa paleti, karakana za samani kama zile za Keko, ambako vipande vifupi vya mninga na mkongo hubaki sakafuni, na shule au ofisi zinazobadilisha madawati. Ukiwa Nairobi, zunguka Gikomba.

Paleti usizichukue barabarani tu kwa kudhani zimetupwa. Zile zilizopakwa rangi nzima, hasa bluu, kwa kawaida ni mali ya kampuni zinazozikodisha. Na ukibeba mzigo mkubwa wa mbao ngumu kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, uliza kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kuhusu kibali. Risiti au barua ya aliyekuuzia iwe nayo mfukoni muda wote.

Nitajuaje nimepata mbao gani?

Usiamini uso wa nje. Mvua, moshi na jua hufanya mbao zote kuwa za kijivu. Kwangua kidogo kwa patasi mpaka uone rangi ya ndani, kisha nusa.

Mninga una rangi ya kahawia yenye michirizi, mara ya dhahabu, mara nyekundu. Ni rafiki mkubwa wa anayeanza: unakubali randa, na hausinyai wala kutanuka sana hali ya hewa ikibadilika. Mvule huwa na rangi ya njano inayogeuka kahawia nzito kadiri unavyokaa kwenye mwanga. Nao ni mtulivu, lakini ndani yake unaweza kukutana na vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyotengenezwa na mti wenyewe. Ukisikia randa inakwaruza ghafla mahali pasipo na msumari, hicho ni kijiwe. Kichimbue kwa ncha ya patasi kuukuu, vinginevyo kitakutia pengo kwenye jino la randa. Mkongo ni mzito, mwekundu kiasi, na mgumu kukata kwa mkono. Mtiki una mafuta unayoyahisi kwenye vidole na harufu inayokaribia ngozi. Paini unaijua: nyepesi, ina vifundo na utomvu, inabonyea kwa ukucha.

Mkaratusi wa zamani ninaushauri kwa miguu tu, na uwe umenyooka kabisa. Ni mti unaopenda kusokota na kupasuka.

Vumbi la mvule na la mninga huwasha pua, koo na ngozi za watu wengi, na wengine huanza kubanwa kifua. Vaa barakoa unapopiga msasa, na kazi ifanyie nje au penye upepo.

Je, paleti zote ni salama kwa meza ya ndani?

Hapana. Tafuta muhuri uliochomwa au kuchapwa ubavuni: alama ya suke la ngano pamoja na herufi IPPC, kisha herufi mbili za nchi, namba, na mwishoni herufi za aina ya matibabu. HT maana yake mbao ilipashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Hiyo chukua. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ya kuulia wadudu. Hiyo iache.

Paleti isiyo na muhuri huenda ilitengenezwa hapahapa nchini na haina tatizo lolote, lakini huna uhakika ilibeba nini. Ikiwa na doa la mafuta, harufu ya dawa ya shamba au unga usioujua, iache hata kama ni ya bure.

Kwa uzito uleule, usiguse mataruma ya reli ya mbao na nguzo za umeme. Zile nyeusi zimenyweshwa kreosoti, dawa ya sumu inayofanana na lami. Zile zenye ukijani mara nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Hakuna randa itakayoitoa dawa hiyo, kwa kuwa ilisukumwa ndani kwa mgandamizo.

Mlango niliopata una rangi ya zamani. Niikwangue?

Rangi za miaka ya nyuma nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na hatari yake kubwa iko kwenye vumbi, hasa kwa watoto. Usiipige msasa ikiwa kavu wala usiichome kwa moto. Ilowanishe, ikwangue kwa bapa la chuma juu ya turubai au magazeti, kisha ukusanye magamba yote uyafunge kwenye mfuko. Watoto na kuku wasiwe karibu. Ikiwa rangi ni tabaka juu ya tabaka na una mbao nyingine, tumia hiyo nyingine.

Kuna vitundu vidogo vya wadudu. Mbao imekwisha?

Inategemea kama wadudu bado wamo. Gonga ubao juu ya karatasi nyeupe. Ukidondosha unga laini mpya wenye rangi ya mbao ndani yake, bado wanakula. Uweke ubao nje peke yake, mbali na samani nyingine, urudie baada ya wiki chache. Vitundu vikiwa vikavu, vyenye vumbi la kijivu na bila unga mpya, wadudu walishaondoka zamani na ubao unafaa kwa uso wa meza. Usiutumie kwa miguu, maana hujui njia zao zimepita wapi ndani.

Mchwa ni habari nyingine. Choma kwa ncha ya bisibisi kila baada ya kiganja kimoja. Ikizama bila kupingwa, kata sehemu hiyo yote pamoja na sm 10 za ziada.

Misumari naitoaje bila kupasua mbao?

Hapa ndipo muda mwingi unapotumika, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Usiwe na haraka.

Msumari uliotokeza upande wa pili unyooshe kwanza kwa koleo, kisha ugonge ncha yake mpaka kichwa kiinuke juu. Weka kipande cha ubao chini ya nyundo ya makucha ndipo uvute, ili usiache shimo la nyundo kwenye mbao. Kama kichwa kimezama, usichimbe kukizunguka kwa patasi yako nzuri. Tumia kuukuu. Msumari uliokatika ndani usukume utokee upande wa pili kwa msumari mwingine mnene uliokatwa ncha.

Paleti nyingi zina misumari iliyosokotwa ambayo haivutiki hata kidogo. Usishindane nayo. Ingiza jino la msumeno wa chuma katikati ya ubao na gogo lake, ukate msumari palepale, kisha usukume mabaki nje au ukate ncha za ubao.

Ukimaliza, pitisha sumaku. Ile ya spika mbovu ya redio inafaa kabisa, na kwa fundi redio huuzwa kwa hela ndogo. Ifunge kwenye uzi, ipitishe polepole karibu na ubao: ikivutwa pembeni, kuna chuma. Zungushia chaki. Fanya hivyo kabla randa haijagusa ubao.

Ukichomwa na msumari wenye kutu na hujui chanjo yako ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Zana gani ni za lazima?

Msumeno wa mkono, randa ya chuma ya ukubwa wa kati, patasi mbili (ya robo inchi na ya inchi moja), nyundo, keekee au drili ya mkono, skwea, futi, penseli, na kinoo. Ukipata msumeno wa pili wenye meno makubwa ya kupasulia, utaokoa mabega yako.

Randa kuukuu iliyotengenezwa kwa chuma kizito mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei rahisi. Kabla ya kulipa, geuza uangalie tumbo lake dhidi ya skwea au rula ya chuma: likiwa na upinde unaoonekana kwa macho, iache. Kutu ya juujuu haina shida, inatoka kwa msasa na mafuta.

Cha kuchorea mistari sambamba na ukingo usinunue. Chukua kijiti, pigilia msumari mwembamba karibu na ncha, kisha kipitishe kwenye kibao chenye tundu linalokibana. Kibao kinateleza kwenye ukingo wa mbao, msumari unachora.

Nanoaje bila mashine ya kunolea?

Gundisha msasa wa maji kwenye kipande cha kioo kinene: namba 400, kisha 1000, kisha 2000. Lowanisha. Mgongo wa patasi, yaani upande ulio bapa, uulaze wote juu ya msasa mpaka sm 2 za mwisho zing'ae. Hii unaifanya mara moja tu kwa maisha ya patasi. Kisha geuza, tafuta mteremko wake wa nyuzi 25 hadi 30, vuta kuelekea kwako bila kuyumbisha mkono. Ukihisi kijiukingo cha chuma upande wa pili kwa kidole, umefika kwenye ncha. Hamia msasa mwororo zaidi.

Patasi imepata ukali ikiwa inakata nyuzi za paini kwa upande wa kichwa cha ubao bila kuziponda. Nywele za mkono ziache, jaribu kwenye paini. Noa tena kila unapohisi unaanza kutumia nguvu. Ajali nyingi za patasi huja kwa kusukuma ile iliyo butu.

Sina benchi la seremala. Nitashikaje mbao?

Ubao mmoja mnene juu ya stuli mbili imara, pamoja na kipande cha mbao kilichopigiliwa upande mmoja cha kuzuia kazi isiteleze. Randa inasukuma kuelekea kwenye kizuizi hicho, basi. Kwa kukata, panda goti juu ya ubao. Sukuma upande mmoja wa benchi hadi ukutani ili lisikimbie.

Nianze na kuchora meza au na kuangalia mbao?

Angalia mbao. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike kabla ya mengine yote. Anayenunua mbao mpya huchora kwanza, kisha huenda kununua kinachotosha mchoro. Mbao za zamani zina matundu, nyufa, ncha zilizooza na sehemu zilizoliwa na jua, na mchoro uliofanywa kabla ya kuziona utakulazimisha kutumia sehemu mbovu mahali panapobeba uzito. Zilaze zote chini. Chagua kwanza miguu, kwa kuwa ndiyo inayotaka nyuzi zilizonyooka kuliko kitu kingine. Kisha mbao za ubavu, zile zinazounganisha miguu chini ya uso. Mwisho uso wa meza, ambao unavumilia tundu la msumari na doa jeusi, na mara nyingi huwa mzuri zaidi kwa sababu yake.

Baada ya hapo ndipo vipimo:

- miguu 4 ya sm 4.5 × 4.5, urefu wa mwisho sm 43, lakini ikate sm 46 kwa sasa
- mbao za ubavu 2 za sm 2 × 8 × 48
- mbao za ubavu 2 za sm 2 × 8 × 28
- mbao za kutosha uso wa sm 60 × 40, unene wa sm 2

Kenchi ya mbili kwa nne yenye urefu wa mita moja, ikiwa safi, inatoa miguu yote minne: ikate katikati, kisha pasua kila kipande mara moja. Mbao za paleti, ambazo nyingi zina unene wa mm 20 hivi, zinatosha ubavu na uso. Zikipungua unene kidogo baada ya randa, punguza tu vipimo vyako. Hakuna atakayepima mm 2.

Mbao zilizokaa nje ziingize ndani, zipange zikiwa na vijiti katikati yake hewa ipite, na uzipe wiki mbili au zaidi. Pima kipande kimoja kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kupungua, anza kazi.

Ubao wangu umesokota. Nanyooshaje?

Weka fito mbili zilizonyooka juu ya ubao, moja kila mwisho, chuchumaa utazame kwa jicho moja kutoka upande mmoja. Fito zikionekana sambamba, ubao uko sawa. Pembe moja ya fito ikiinuka, pembe hiyo ya ubao na ile iliyo mkabala wake kwa mshazari ndizo zilizo juu. Piga randa hizo mbili tu, uangalie tena. Uso mmoja ukiwa sawa, nyoosha ukingo mmoja mpaka skwea ikae bila kupitisha mwanga. Alama zote za kazi zitapimwa kutoka kwenye uso huo na ukingo huo, kwa hiyo viwekee alama ya penseli.

Randa inang'oa nyuzi badala ya kulainisha.

Geuza ubao, unaenda kinyume cha nyuzi. Ikiendelea pande zote mbili, noa upya, punguza kina mpaka itoe maranda unayoweza kuona mwanga kupitia kwake, na sogeza bati la juu ya jino lifike karibu sana na ncha. Kuzunguka vifundo, maliza kwa msasa.

Nitumie skrubu au nichonge viungo?

Kwa meza hii, chonga. Skrubu zinazoingia kwenye kichwa cha ubao hushika vibaya, na mbao kavu ya zamani hupasuka kwa urahisi. Kiungo cha tundu na ulimi, yaani ncha ya ubao iliyochongwa iingie kwenye tundu la mguu, kinaonekana kigumu kwa sababu tu kina hatua nyingi, lakini kila hatua ni ndogo.

Anza na matundu kwenye miguu. Zile sm 3 za ziada ulizoacha ziwe upande wa juu. Zinazuia kichwa cha mguu kupasuka unapopiga patasi, na utazikata mwishoni, kabla ya kuweka uso. Chora mstari wa kichwa halisi, shuka sm 1.5, na kuanzia hapo chora tundu lenye urefu wa sm 6 na upana sawasawa na patasi yako ya robo inchi, yaani mm 6 hivi. Ukingo wake wa nje uwe mm 13 kutoka kwenye uso wa nje wa mguu. Kila mguu una matundu mawili, kwenye nyuso mbili zinazotazama ndani.

Panga miguu yote minne imesimama kama itakavyokuwa kwenye meza, uandike namba na mshale wa ndani, ndipo uchore. Wengi huishia na miguu miwili ya kushoto kwa kuruka hatua hii.

Toboa matundu kadhaa kwa drili hadi kina cha sm 2.5, ukifunga kitambaa au tepu kwenye ncha ya drili kuonyesha kina, kisha safisha kuta kwa patasi. Simamisha patasi wima kabisa. Mtu akisimama upande wako akuambie unapoinama, kazi inakuwa rahisi zaidi.

Sasa ulimi. Kwenye kila ncha ya ubao wa ubavu pima sm 2.5, zungusha mstari pande zote kwa ncha ya kisu. Kisu hukata nyuzi, na msumeno unaoegemea mkato huo huacha mabega safi, yaani kingo zitakazogusa mguu. Kata mabega kwanza, kisha mashavu, yaani pande mbili bapa za ulimi, ukiacha ulimi katikati wenye unene wa mm 6 na nywele moja ya ziada. Ondoa sm 1.5 juu ya ulimi na sm 0.5 chini, ubaki na upana wa sm 6. Jaribu. Ukiingia kwa kusukumwa na kiganja, umepata. Ukihitaji nyundo, punguza shavu kwa patasi, nyembamba nyembamba. Usipanue tundu.

Ndimi mbili za mguu mmoja hukaribiana sana ndani. Zikigusana, kata ncha zake kwa nyuzi 45.

Nikishakosea na ulimi ukawa mwembamba?

Gundisha kipande chembamba cha mbao ileile kwenye shavu, kikauke, ukate ulimi upya. Mwanya mdogo kwenye bega la upande wa ndani uache. Hauonekani na haudhoofishi chochote.

Sina klampu hata moja.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe mrefu: zungusha mara nyingi kuzunguka fremu huku ukivuta kwa nguvu. Kamba iliyonyongwa kwa kijiti nayo hufanya kazi hiyohiyo.

Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa kiungo kinajivuta chenyewe. Kabla ya kuingiza ulimi, toboa tundu la mm 6 kwenye uso wa nje wa mguu, mm 10 kutoka kwenye ukingo ambako bega litagusa, lipite tundu la ulimi na kuingia kidogo ng'ambo yake. Ingiza ulimi hadi mwisho, weka alama juu yake kwa ncha ya drili, kisha utoe. Alama hiyo isogeze mm 1 kuelekea begani, toboa hapo. Matundu mawili sasa hayalingani. Chonga pini kutoka kwenye kipande cha mninga au mkoko ulichokipasua kufuata nyuzi zake, uichonge ncha iwe nyembamba, uipake gundi na kuipigilia taratibu. Inapopita inalazimisha ulimi kuingia ndani, na bega linafunga kwenye mguu mbele ya macho yako. Pini moja katikati ya kila ulimi inatosha meza hii. Usizidishe huo mm 1 kwa mbao ngumu, maana ulimi utapasuka.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Unganisha kwanza pande mbili fupi, ziache zikauke hadi kesho yake, kisha mbao ndefu. Pima mishazari miwili ya fremu kutoka juu. Ikiwa sawa, fremu iko mraba. Ikitofautiana, kandamiza mshazari mrefu kabla gundi haijashika.

Uso wa meza naushikishaje usipasuke?

Kwanza unganisha mbao za uso. Kila mbao mbili zinazopakana zikunje uso kwa uso, uzibane pamoja na kupiga randa kingo zake zote kwa mkupuo mmoja. Hata randa ikiinama kidogo, zikifunguliwa pembe zinafidiana na uso unakaa bapa. Simamisha moja juu ya nyingine mbele ya dirisha. Mwanga ukipita, rudia. Gundi, kamba, kabari, subiri siku nzima.

Kisha kumbuka kwamba mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, karibu haibadiliki kabisa kwa urefu. Unyevu wa ndani ya mbao ukipungua kwa asilimia 4, uso wa paini wa sm 40 unaweza kusinyaa karibu mm 4. Meza iliyotengenezwa Dar es Salaam wakati wa masika ikapelekwa Dodoma kiangazi itayaona mabadiliko ya namna hiyo. Ukiwa umeugundisha uso kwenye fremu, utapasuka katikati, na ufa huo hauzibiki.

Kwa hiyo usitie gundi kati ya uso na fremu. Chonga vibao vidogo sita vya sm 4 × 3, kila kimoja chenye mdomo wa sm 1 uliotokeza upande mmoja. Toboa matundu mapana upande wa ndani wa mbao za ubavu, chini kidogo ya usawa wa mdomo. Mdomo unaingia kwenye tundu, skrubu inapita kwenye kibao kwenda juu kwenye uso, na ukiikaza, uso unavutwa chini. Acha nafasi ya mm 3 kila upande wa upana ili kibao kiweze kuteleza. Pima urefu wa skrubu mara mbili isitokeze juu.

Meza inayumba.

Iweke mahali palipo bapa kweli, kwa mfano kioo kinene au sakafu ya marumaru uliyoipima. Weka vibao vyembamba chini ya mguu mfupi mpaka itulie. Kisha laza penseli juu ya sarafu na uizungushe kwenye miguu yote minne. Kata kwenye mstari huo. Usikate mguu mmoja kwa kukisia, utajikuta na stuli.

Nipake nini mwishoni?

Msasa namba 120 kisha 180, kufuata nyuzi. Kwa meza itakayowekewa vikombe vya chai kila siku, vanishi, tabaka tatu nyembamba, msasa mwepesi katikati. Kwa anayetaka kuiona mbao yenyewe, mafuta ya kitani na kisha nta ya nyuki, ambayo kwa wafugaji nyuki wa Tabora si adimu. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vinaweza kuwaka moto vyenyewe vikiwa vimekunjwa kwenye kona. Vianike vikiwa vimetandazwa nje mpaka vikauke na kuwa vigumu, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Mafuta ya kula usipake. Ya nazi hayakauki kamwe, na ya alizeti hubaki yakinata na kukusanya vumbi.

Doa jeusi lililozunguka tundu la msumari ni kutu iliyokutana na asidi ya mbao. Halitoki kwa msasa. Mimi huliacha.

Mabaki na maranda nifanyie nini?

Maranda safi yasiyo na rangi yanafaa kwenye banda la kuku au kwa kuwashia jiko. Vipande virefu kuliko kiganja viweke, ndivyo vitakavyokuwa pini na vibao vya meza ijayo. Mbao yenye rangi ya zamani, yenye muhuri wa MB, au yenye ukijani wa dawa usiipikie wala kuichomea takataka, hata kipande kidogo: aseniki ya dawa hiyo hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, ambayo kwa kawaida hutupwa bustanini kwenye mchicha. Ifunge kwenye mfuko, uipeleke inakokusanywa taka.